Fundo la Nikodemo

Generosa hakuwahi kuipenda ile baiskeli ya kukunja, na wala hakuficha. Siku mumewe Nikodemo alipoileta kutoka kwa wauza mitumba, magurudumu yake madogo kama sahani za ugali, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanaume mzima na mvi zako, unapanda kijibaiskeli cha sarakasi! Watu wa kwetu Kibakwe wakikuona je?"

Nikodemo, dereva mstaafu asiyejua kununa, akaikunja, akaifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu, akaiegesha nyuma ya mlango. "Haya, iko wapi? Umeiona tena?"

Fundo lake lilikuwa la kufungia mbuzi, alilofundishwa na babu yake, na pale nyumbani hakuna mwingine aliyeliweza. Miaka sita ikawa hivyo: anarudi jioni, anakunja, anafunga. Jumanne moja ya mwezi wa tatu akarudi, akakunja, akafunga, akasema kifua kinambana. Jirani akamkimbiza hospitali. Hakurudi tena.

Tangu siku hiyo Generosa hakuruhusu mtu aliguse lile fundo. Alifagia akiizunguka baiskeli. Asubuhi, kabla ya kwenda kuuza vitumbua, aliupitisha mkono juu ya ule mpira taratibu. Ndicho kitu cha mwisho kilichofanywa na mikono ya Nikodemo, basi. Anayetaka kumcheka na amcheke.

Ndipo akapigiwa simu na Obedi, mwenyekiti wa chama cha wenye baiskeli za kukunja, ofisa wa serikali mwenye kitambi na roho safi. "Mama, tamasha la baiskeli ni Jumamosi. Tutapiga picha ya baiskeli zetu zote zimekunjwa, mstari mmoja. Ya mzee isikosekane."

Zimekunjwa. Neno hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Alipanda bajaji akiwa ameipakata kama mtoto, na njia nzima alirudia moyoni jambo moja tu la kuwaambia: jamani, msiifungue.

Sasa, watu wale wana adabu yao. Mwenzao akifika, hafungui baiskeli yake mwenyewe. Waliotangulia humpokea, kama mgeni anavyopokewa mzigo mlangoni, na kuifungua wao. Ndiyo karibu yao. Nikodemo alimsimulia hilo mara ngapi! Siku hiyo halikumjia hata kidogo.

Uwanjani upepo ulikuwa unapeperusha vumbi na fulana za njano. "Shikamoo mama!" "Marahaba, wanangu." Wakamzunguka kumpa pole, huyu kamshika mikono yote miwili, yule kamwangukia begani analia. Alipopata upenyo wa kugeuka, Obedi alikuwa amepiga goti, analegeza fundo kwa meno.

"Obedi, ngoja!"

Makofi yalimziba sauti. Baiskeli ilikuwa imeshasimama wima, siti juu, na Obedi anatabasamu huku machozi yanamtoka. "Karibu, mzee wetu," alisema.

Generosa akakaa chini, palepale vumbini. "Lile fundo alilifunga yeye," alisema. "Jioni ile ile. Sikuwahi kulifungua."

Mungu wangu, ungemwona Obedi! Alishika kichwa. "Nisamehe, mama. Tutalifunga tena, lilelile." Wakaikunja tena, wakajaribu, maskini, mmoja baada ya mwingine, watu wazima wamechuchumaa wakigombania kipande cha mpira. Huyu akafunga la kamba za viatu, yule la kufungia magunia. Wapi!

"Wewe si ulikuwa unamwona, mama?" Obedi aliuliza. "Alikuwa anaanzia upande gani?"

Miaka sita fundo lilifungwa mbele ya macho ya Generosa, kila jioni, naye alikuwa anacheka. Hakuitazama ile mikono hata mara moja.

Aliuchukua mpira, akaifunga baiskeli mwenyewe, fundo la kufungia kuku miguu, kwa sababu ndilo pekee alilolijua. Kisha akalia kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata makaburini, na picha ikangoja mpaka alipomaliza.