Kaye Iliyobaki Mfukoni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, nilikuwa nimevaa koti la mtu mwingine, na sikusema hata maneno kumi. Nakusimulia leo kwa sababu jana uliniletea chai, ukakaa karibu yangu, ukaniomba nikusindikize Alhamisi kwa yule mama aliyesoma zamani kwenye chuo unachokiomba.

"Koko," uliniambia, "muingie na mi, munisaidie kusema. Mi siko na kitu ya kusema juu yangu."

Nilicheka, ukadhani babu yako amekubali. Sikukubali. Nilicheka ili usiyatazame sana macho yangu.

Nilikuwa na umri kama wako. Tuliishi kwenye vilima vya Masisi, na baba yangu alikuwa na ng'ombe. Nilikuwa nimekiandikia chuo kimoja cha mbali kinachofundisha uganga wa mifugo. Jibu lilikuja kupitia parokia: nikipenda, nionane na mwanafunzi wao wa zamani anayeishi Goma, tuzungumze, kisha yeye awaandikie ameniona mtu wa namna gani. Haikuwa lazima. Nyumbani tulibishana siku mbili. Baba alisema mtu akikutazama kwa karibu huona na kasoro zako, afadhali kukaa. Mama alisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Aliyekata shauri ni baba mdogo Bahati.

Ungemjua baba mdogo! Alikuwa msemaji wa ukoo. Hakuna kijana wa kwetu aliyeoa bila yeye kusimama mbele ya wakwe, akachekesha wazee, akapunguza ng'ombe wawili wa mahari kabla pombe haijaisha. Na unajua desturi yetu: kijana anayeposewa mke hasemi. Anakaa ameinamisha kichwa, anasemewa. Basi baba mdogo aliona na safari hii ni posa, ila tu bibi harusi ni chuo.

"Mutoto hasemake mbele ya wakubwa," aliniambia. "Wewe utaikala, utakuwa na adabu. Miye nitasema."

Tulijitayarisha siku tatu. Mama alifua shati langu mara mbili. Koti liliazimwa kwa mwalimu, mikono yake ikanifika vidoleni. Baba mdogo alifanya mazoezi ya hotuba yake nyuma ya zizi mpaka majirani wakaijua. Siku tatu hizo, mwanangu, hakuna aliyeniuliza mimi nitasema nini, na mimi sikujiuliza.

Nilikuwa na kitu kimoja tu changu. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili nilikuwa na daftari, kaye kama tunavyoita hapa, ambamo niliandika kila ndama aliyezaliwa kwetu na kwa majirani: alisimama baada ya muda gani, alinyonya lini maziwa ya kwanza, alipona au alikufa. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kujua kwa nini wengine wanakufa. Asubuhi ya safari niliitia kaye ile katika mfuko wa koti.

Tulishuka kwa miguu mpaka Sake, tukapata lori la Goma. Yule mwanafunzi wa zamani alikuwa daktari wa ng'ombe, na nyumba yake ilikuwa upande wa ziwa dogo la Lac Vert, ndani ya ukuta wa mawe meusi ya volkano. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akanigeukia mimi na kuniuliza habari za safari. Baba mdogo akajibu. Akaniuliza umri wangu. Baba mdogo akajibu. Akaniuliza nataka kuwa nani, na baba mdogo akasimama kabisa, akasema kijana huyu atakuwa mtu mkubwa wa serikali, mawaziri watamwomba ushauri. Mimi nilikuwa nahesabu vifungo vya koti.

"Papa," daktari akasema kwa upole, "naomba nisikie mutoto mwenyewe."

"Dokta, huyu mutoto ni wa haya. Miye njo kinywa yake."

Yule daktari alikuwa mtu wa hekima. Hakumvunjia heshima. Alimwomba aende nyuma ya nyumba akamtazame ng'ombe wake, amwambie kama ana mimba. Baba mdogo akatoka kwa furaha kubwa, maana kuombwa ushauri kulimpendeza kuliko chakula.

Tukabaki wawili.

"Sasa niambie wewe. Sababu gani unapenda kusoma?"

Jibu lilikuwa kwenye ulimi, mwanangu. Nilitaka kumwambia habari za ndama. Lakini nilifikiri: nikisema ndama, nitamfanya baba mdogo mwongo, naye ametembea mlima mzima kwa ajili yangu. Nikasema, "Njo vile papa mudogo amesema."

Akaona pembe ya daftari inachungulia mfukoni.

"Na ile kaye, iko na nini?"

"Haiko kitu, Dokta."

Nikaisukuma chini kwa mkono. Baba mdogo akarudi, akatangaza kwamba ng'ombe ana mimba, tukaagana.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote. Chuo kilijibu kwamba hakina nafasi yangu.

Karibu mwaka mmoja baadaye nilikutana na yule daktari sokoni Sake, siku ya ng'ombe. Alinikumbuka. Nilijikaza nikamwuliza aliandika nini juu yangu. Akaniambia bila hasira:

"Niliandika kama papa yako mudogo ni mutu wa akili sana. Juu yako nilikosa kitu ya kuandika."

Kaye nilikuwa nayo. Nikaitoa, kwa hasira nadhani. Aliisoma akiwa amesimama katikati ya ng'ombe na kelele, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akavua miwani yake.

"Mutoto," akasema, "hii njo nilikuwa nakuomba."

Aliahidi kuandika upya. Kabla barua haijafika popote, vita vilipanda kwenye vilima vyetu, tukakimbia mpaka kambi ya wakimbizi ya Mugunga na nguo tulizovaa. Ng'ombe walikwenda, na kaye ilikwenda. Baba mdogo alikufa akiamini kwamba alinisemea vizuri, na sikumwambia kinyume. Simlaumu. Alinipa alichokuwa nacho. Mimi ndiye niliyekataa kutoa changu, na mficha uchi hazai.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, nami nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na wewe.

Sasa nisikilize. Nenda kwa yule mama, hata kama barua ya chuo chako inasema si lazima. Usikariri hotuba. Kabla ya Alhamisi zungumza kwa sauti ukiwa peke yako, usikie sauti yako ikisema jina lako na unachokitaka. Unasema huna kitu. Na wale watoto kumi na wanne wa majirani waliokosa shule, unaowakusanya nyuma ya jikoni na kuwafundisha kusoma kwa makaa juu ya ubao, ni nini? Nani alikutuma? Anza hapo. Mwambie na habari za yule mmoja uliyeshindwa kumfundisha, na unavyofikiri ni kwa nini. Akikuuliza usilolijua, sema hulijui. Heshima kwa wakubwa usiiache, lakini heshima si kumwachia mkubwa aseme lililo moyoni mwako.

Nitakusindikiza, ndiyo. Nitavaa kofia yangu ya Jumapili. Ila nitaishia kwenye ukuta wa nje, nikae juu ya jiwe nikungoje, na ukinigeukia mlangoni utaona natazama barabara.

Mungu aliyekupa kinywa akifungue siku hiyo. Akupe kibali mbele ya macho ya yule mama, akulinde uendako na urudipo. Na ukitoka, uje unisimulie yote uliyosema, neno kwa neno, maana nimengoja kuyasikia tangu nikiwa na umri wako.