Pindo la Sketi ya Mama Chebet

Nikiwa na miaka tisa nilifumua pindo la sketi lililokuwa sawa. Huwa nalikumbuka kosa hilo kila ninaposikia harufu ya mafuta ya cherehani, yale mepesi ya kwenye kichupa, yakipata joto la jua dirishani.

Tuliishi katikati ya mji wa Nakuru, ghorofa ya sita, kwenye jengo la zege lisilopakwa rangi, lenye ukuta wa matofali ya matundu uliokata jua vipande vipande sakafuni. Lifti ilikufa kabla sijazaliwa. Sebule ndiyo iliyokuwa karakana ya mama: cherehani dirishani, vitambaa juu ya kochi, na sisi tukitoa nyuzi kwenye ugali. Kwa wateja wasioziweza ngazi, mama alishuka kuwapima, kisha akapanda upesi na kusimama kwenye roshani akiwatazama wakitembea hadi getini. Nilidhani anawaaga. Nguo ikiwa tayari, aliwateremshia kwa ndoo na kamba.

Mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Kamba za viatu vyangu zisipolingana, sikutoka nje. Kushona nilijifunza mwenyewe, kwa kumchungulia mama, na niliamini naweza.

Sketi ilikuwa ya Mama Chebet wa Mau Narok. Kesho yake wageni wangekuja kwake kuposa bintiye. Mama alipotoka kununua zipu za kazi nyingine, niliikunja sketi ile katikati nikaona upande wa kushoto ni mfupi kwa vidole viwili. Mama amekosea! Nikafumua, nikateremsha, nikashona upya kwa mkono, nikapiga pasi. Pande zote zikalingana kabisa. Sijawahi kujivunia kitu vile.

Mama aliporudi, sauti ya Mama Chebet ilikuwa tayari inapanda kutoka chini.

"Mama Kevo! Teremsha, gari ya Mau haitaningoja!"

Mama aliitia sketi kwenye ndoo bila kuikunjua. Mama Chebet akaingia kibanda cha soja, mlinzi wa getini, kuijaribu. Alipotoka na kupiga hatua tatu, upande wa kushoto ukafagia saruji. Akasimama. Akaushika ule upande kwa mkono, akaangalia huku na huku kama aliyeanguka mbele ya watu.

Mama aliniangalia mara moja tu. Akachukua sindano na uzi, akashuka ghorofa zote sita, nami nyuma yake.

"Pole, mama. Ni mimi nimekosea," alisema, akapiga magoti kwenye saruji.

"Wee fundi, umezeeka?" Mama Chebet alijaribu kucheka. "Si niende tu hivi? Wataangalia bibi harusi, nani ataniangalia mimi?"

"Watakuangalia ukiingia na chai. Simama wima."

Soja akatumwa kuomba dereva avumilie. Mama alipomaliza, Mama Chebet alitembea hadi getini akiyumba kidogo kama kawaida yake, na pindo la sketi likamfuata likiwa limenyooka kama mstari wa rula. Hapo tu ndipo nilipoona kwamba mguu wake mmoja ni mfupi.

Nilingoja kipigo. Mama aliniambia tu nibebe ndoo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alijitwika kosa ili kunilinda mimi. Sikuwa wa maana kiasi hicho. Angesema mtoto amelinganisha pande, angelazimika pia kusema kwa nini hazikulingana, pale mbele ya soja na wapita njia. Aliyekuwa akilindwa ni Mama Chebet.

Sasa nafanya kazi katika sebule ileile, kwa kompyuta, nikichora mabango ya maduka. Hiyo pia nilijifunza mwenyewe. Cherehani bado iko dirishani na lifti bado imekufa. Wasiwasi haujaniacha, bado napima kila kitu mara tatu. Ila nikikuta kitu kimepinda, siku hizi namuuliza mwenye kitu hicho kabla sijakinyoosha.