Ua la Mama na Baiti Nane

Mtaani walimwita Bi Baiti, naye kila akiitwa hivyo alicheka mpaka mwanya ukaonekana. Kazi yake ilikuwa kutunza programu ya lugha ya C iliyoendesha mashine ya kutarizi katika karakana ya fundi nguo. Siku hiyo alikuwa na kiherehere cha pekee. Mdogo wake anaolewa alasiri, na kifuani pa gauni alitaka ua alilolichora mama yao kabla hajafariki. Karatasi ilishapotea, ua likabaki kwenye faili la programu tu.

Basi, kompyuta ya zamani si ikafa juzi! Wakaleta mpya, wakahamishia nakala ya programu na faili lake, na programu ikajifunga yenyewe kabla sindano haijagusa kitambaa.

"Bi Baiti, ndiyo tumeshindwa?" fundi nguo aliuliza.

"Thubutu!"

Akaiuliza kompyuta mpya inatenga baiti ngapi kwa kila aina ya namba, akacheka peke yake. Aliyeandika programu alikuwa akiweka anwani ya kila petali, yaani mahali lilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ndani ya int, namba ya kawaida. Kwenye kompyuta ya zamani int na anwani zote zilikuwa baiti nne, mambo shwari. Kwenye hii, int ilibaki nne, anwani zikawa nane. Nusu ya anwani ilikuwa inakatwa, sawa na kupiga simu kwa nusu ya namba.

"Kumbe ndiyo hivyo tu!" Akabadilisha kila int kuwa baiti nane. Lo! Haraka haraka haina baraka. Faili la ua lilihifadhi vipimo vya mishono kwa baiti nne nne, na sasa programu ikameza viwili kwa tonge moja. Kwenye kitambaa cha majaribio petali likatoka refu kuliko mkono.

"Hilo ua au mkuki?" aliuliza bibi harusi, rola kichwani.

Wakacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha mdogo mtu akafuta macho. "Dada, kama haiwezekani niambie tu. Nitavaa hivi hivi."

"Koma! Huvai hivyo nikiwa hai."

Vipimo akavirudisha kwenye int32_t, baiti nne kwenye kompyuta yoyote. Anwani akazipa intptr_t, ambayo hupanuka kufuata kompyuta. Sindano ikashuka juu ya gauni. Petali la kwanza, la pili, kisha lile lililopinda, maana siku zile mama alishaanza kutetemeka mkono. Bi Baiti akarukaruka, akamkumbatia fundi nguo na tepu yake shingoni.

Bibi harusi akapitisha kidole juu ya petali lililopinda.

"Dada," akasema, "mama amefika."