Paka Aliyeonyeshwa Njia

Mchana huu paka wa jirani ameingia chumbani kwangu kupitia dirishani, akajilaza juu ya madaftari ya wanafunzi ninayopaswa kusahihisha, na sasa anakoroma. Msidhani natia chumvi. Ni mkoromo wenyewe, wa kuvuta na kuachia, wenye kafilimbi kadogo mwishoni. Ninaishi peke yangu, sina wa kumwambia "hebu sikia", ndiyo maana nawaambia ninyi.

Mimi nimelelewa na mkoromo wa paka. Nkambo wangu, bibi mzaa baba, alikuwa akinunua ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, akiwaanika mchangani na kuwajaza kwenye viroba hadi siku ya treni ya Nyunzu. Panya wa mji wetu, Kalemie, wanajua viroba viko nyumba gani. Basi Nkambo alifuga paka watatu, nao walilala juu ya viroba mchana kutwa, wameshiba, na wote walikoroma. Wawili walikoroma kipaka. Wa tatu, dume jekundu tuliyemwita Shefu, yaani bosi, kwa sababu hakufanya kazi yoyote, alikoroma kama Papa, baba yangu.

Papa alikuwa ameondoka kwenda Bendera, kutafuta kazi kwenye mtambo wa umeme. Nilikuwa na miaka saba. Mama alishafariki nikiwa sijaanza kutembea, nilimjua kwa picha tu. Papa alisema atarudi Noeli, na Noeli ikaja ikapita. Mwanzoni madereva wa malori walituletea salamu zake, na mara moja mfuko wa maharagwe, halafu wakawa wanapita bila kusimama. Nikitoka shuleni nilimkuta Nkambo amejilaza kwenye mkeka kando ya viroba, nami nikalala upande wa pili, Shefu juu yetu. Nilifumba macho, na mradi sikuyafumbua, Papa alikuwa nyumbani.

Siku moja Mama Zaina, jirani wa ng'ambo ya reli, alisimama mlangoni akasikiliza, uso ukamchangamka. "Papa ya huyu mutoto amerudi?" akanong'ona.

"Hapana, njo paka anakoroma," Nkambo akajibu, wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Sasa niwaeleze desturi yetu. Mtaani kwetu paka huazimwa kama kinu. Mwenye panya anakuja kuomba, anakaa naye wiki moja, anamrudisha na sahani ya unga juu. Lakini paka habebwi uso wazi. Anatiwa kwenye kiroba, kinafungwa, na aliyembeba anazunguka mara tatu mlangoni ili mnyama asijue ametoka upande gani. Nkambo alishikilia kwamba paka akiona njia, umpeleke popote, atarudi. Wale wawili aliwaazimisha kila mara. Shefu, hata siku moja. "Huyu hafai," aliwaambia watu. "Panya banasikia amelala, banaanza kula."

Alhamisi moja Nkambo akiwa sokoni, na wale wawili wako kwa watu, Mama Zaina alikuja akilalamika kwamba panya wamemtobolea viroba viwili. Nikamwambia nitamletea Shefu. Si kwa huruma, nisiwadanganye. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Papa aliondoka mchana kweupe, amekaa juu ya mizigo ya lori, macho wazi. Hakuna aliyemtia kwenye kiroba. Kama Shefu angeonyeshwa njia akarudi, basi na Papa angerudi.

Nikambeba mikononi, uso mbele. Nilimwonyesha bomba la maji, duka la mafuta ya mawese, reli. "Angalia vizuri," nilimwambia, naye akapiga miayo.

"Weye mutoto, kiroba kiko wapi?" Mama Zaina akauliza.

"Kimepasuka," nikasema.

Nyumba yetu ilinyamaza mno. Nkambo alirudi, akavua viatu, akajinyoosha kwenye mkeka, kisha akaketi tena.

"Shefu iko wapi?"

Nikamweleza.

"Ulimufunga mu kiroba?"

"Hapana, Nkambo. Nilitaka aone njia. Akirudi, na Papa atarudi."

Nilijikunyata nikingoja kofi. Hakunipiga. Aliweka kiganja juu ya kiroba, pale palipobonyea, akakiacha hapo muda mrefu. Siku tatu mchana hakuna aliyelala. Nyumba ya Mama Zaina ilikuwa hatua chache tu, Nkambo angeweza kuvuka reli akamchukua paka wake. Hakwenda. Nadhani naye alikuwa anangoja.

Siku ya nne Shefu aliingia, sikio limechanika, akapanda juu ya kiroba chake bila kutusalimu. Dakika chache tu, akakoroma. Nkambo akalala upande wake, mimi upande wangu, furaha imenijaa hadi kooni.

"Nkambo," nikasema, "na Papa aliona njia."

"Eeh, mwanangu. Aliiona muzuri." Kisha akajifunika kitenge usoni.

Nilikuwa sekondari mwaka wa tatu, Nkambo tumeshamzika, dereva mmoja aliponiambia kwamba Papa ana nyumba Bendera, mke na watoto wanne, na afya njema. Ni safari ya siku moja kwa lori. Sikulia mbele yake. Nilirudi nyumbani nikaketi pale palipokuwa na viroba, na hapo ndipo nililisikia vizuri jibu la Nkambo. Mwanawe hakupotea njia, na yeye alilijua hilo siku ile ile. Nami nililala pembeni yake nikitabasamu, nikidhani amejifunika kitenge kwa sababu ya nzi wa ndakala.