Mtaalamu wa Kompyuta Yake Mwenyewe

Pale hospitalini walimwita Kwangu-Inakubali, na jina lilimkaa barabara. Ukimwambia mfumo umegoma, hata hanyanyuki kitini. Anakugeuzia kompyuta yake na kukuonyesha kwa kidole: "Kwangu inakubali." Utadhani wagonjwa wanapanga foleni mezani kwake!

Kazi yake ilikuwa kuandika mfumo wa kuita wagonjwa. Mfumo wenyewe ulikaa kwenye seva, kompyuta kuu iliyokuwa katika chumba cha nyuma ikiendeshwa kwa lugha ya Java, mashine nzee lakini tiifu, na mtunzaji wake alikuwa mwanamke asiyependa porojo. Kwangu-Inakubali aliidharau seva ile kama kandambili zilizokatika. Wiki ile alipakua toleo jipya la programu ya kuandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, sababu kubwa ikiwa rangi zake. Toleo hilo lilimwambia waziwazi kwamba haliitambui tena seva ya zamani. Mwenye akili angerudi nyuma. Bwana mkubwa huyu alifuta muunganisho na seva, akatumia kiseva kipya kilichokuja na programu hiyo ndani ya kompyuta yake, akajaribu kazi yake humo, akajipongeza.

"Umeujaribu kwenye seva yetu?" mtunzaji akamuuliza.

"Dada, hiyo ni ya makumbusho. Wewe uweke tu."

Haraka yake ilikuwa na sababu. Asubuhi hiyo mama yake mzazi alikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho, ghorofa ya chini, akimsubiri daktari bingwa wa macho, mgeni aliyekuja kwa nadra na kuondoka mchana. Jicho la kulia lilikwishazima, na la kushoto lilitakiwa kupangiwa upasuaji kabla nalo halijaaga. Mwana alitaka mama aitwe na mfumo mpya, kwa sauti nzuri, benchi zima lisikie.

Mtunzaji akauweka. Seva ikakataa. Msimbo ulikuwa umejengwa kwa toleo la Java jipya kuliko lake, nayo haikuelewa hata mstari mmoja. Skrini ya kliniki ikawa nyeusi. Faili za wagonjwa zilifunguka kupitia mfumo huohuo, kwa hiyo daktari akabaki amekaa mikono mitupu.

"Naurudisha ule wa jana," mtunzaji akasema.

"Subiri. Kwangu inakubali."

"Wagonjwa hawako kwako."

"Nimesema subiri!"

Akawasubirisha watu wazima asubuhi nzima, akibofya huku na kule, jasho likimtiririka, ilimradi tu asitamke kwamba amekosea. Mtunzaji alipochoka kumbembeleza, akaurudisha mfumo wa jana bila kumuuliza. Skrini ikawaka. Daktari alikuwa ameshaondoka.

Kwangu-Inakubali akashuka. Mama alimtambua kwa mwendo.

"Ni wewe, baba? Nimewatuliza wenzangu hawa. Nimewaambia mwanangu yuko juu, anatutengenezea."

"Ndiyo, mama."

"Nani kauharibu mfumo?"

Aliona aibu, aibu ya kweli, labda kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Kuna mtu," akasema.

"Mwambie ashuke atuombe radhi. Hatutamla."

"Atakuja," akajibu, akapanda ngazi mbiombio.

Mama akaupakata mkoba wake vizuri, akawaomba wenzake wasiondoke kwanza, huyo mtu anakuja.