Kadi ya Manjano Niliyoivika Plastiki

Pale Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mimi ndiye fundi wa kuplastifia. Nina mashine moja, na kila karatasi inayoingia dukani kwangu inatoka imevaa plastiki: cheti cha ubatizo, barua ya mgao, hata picha ya harusi. Sisi tuliokimbia Kivu na mabegi yaliyolowa hatuna mchezo na karatasi. Mvua ya hapa haibishi hodi, na panya nao wana njaa yao.

Kwa hiyo mama aliporudi kutoka Mbarara na kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano, sikungoja. Alikuwa anakwenda Lusaka kumwona dada yangu, hawajaonana miaka tisa, na bila kadi ile asingepanda ndege. Niliichukua mkononi mwake, nikaipitisha kwenye mashine, ikatoka inang'aa. Nikajisifu kwamba hata ikianguka ziwani itatoka kavu. Mama alitabasamu tu.

Siku tatu kabla ya safari tulikwenda Kakoba, kulekule Mbarara, yeye kutafuta viatu, mimi kununua plastiki. Hajji anayeniuzia plastiki anaijua kadi hiyo tangu alipokwenda Makka, nami kwa kupenda sifa nikamwonyesha kazi yangu. Akaigeuza, akauliza saini ya mwenye kadi iko wapi. Palikuwa patupu, na bila saini kadi haikubaliki. Juu ya plastiki wino haushiki, na ukiibandua, karatasi inachanika nayo. Jamani! Kuchanjwa upya ni kungoja siku kumi ndipo kadi ikubaliwe, na ndege haimngoji mtu. Nilimtukana fundi wa Misiera kimoyomoyo, matusi yote ninayoyajua.

Tukapanda boda moja mpaka kliniki. Nesi aliyemchanja mama aliishika kadi kwa vidole viwili, akasema hilo sasa ni pambo la ukutani. Kisha akafungua daftari lake, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. Nilimwomba Mungu kweli kweli. Jina la mama lilikuwepo, na tarehe, na namba ya chanjo. Basi hakuna sindano nyingine. Akaandika kadi mpya kwa tarehe ileile, akagonga muhuri, akamsogezea mama kalamu.

Mama alisaini polepole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa kanisani. Nesi akamuuliza kama siku ile alisahau kumwambia asaini.

"Uliniambia, muganga," mama akasema. "Miwani ilibaki nyumbani, nikasema nitasaini huko. Nikamukuta huyu na mashine yake, anafurahi mingi. Nikanyamaza."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka tisa ya kumngoja binti yake, na alikuwa tayari kuiweka rehani kwa furaha yangu ya dakika mbili.

Tulipotoka nilinyoosha mkono nimbebee kadi. Akaiingiza ndani ya Biblia yake, akaibana kwapani, akaniuliza duka la viatu liko upande gani.