Feni ilinikazia shingo asubuhi ya ruracio

Wakuu, niaje. Nimesoma vile mnabishana huku kama kulala na feni ni hatari, nikasema ninyamaze. Nimeshindwa. Wacha niwape yenye ilinipata, bila chumvi. Mjomba wangu Wekesa bado yuko hai, ni shahidi.

Hizi ni zile siku simu ya tochi ilikuwa simu ya maana. Nilikuwa nakaa Riruta, hapa Nairobi, top floor, mabati hapo juu ya kichwa. Ikifika February hiyo nyumba inakuivisha. Nikashuka tao, nikajibebea feni ya kusimama.

Jirani yangu Mama Kevo akaniona nayo kwa ngazi. "Weh, hiyo kitu itakupindua mdomo."

Nikacheka sana. Mimi na degree yangu, naambiwa upepo unapindua mtu!

Sasa, Saturday hiyo ilikuwa ruracio, siku ya kupeleka mahari. Mimi ni Mluhya, Wambui wangu ni Mkikuyu wa Dagoretti, na kwao hiyo kitu iko na wazee na sheria zake. Babake hakuwa amenikubali vizuri. Alisema anataka kuniangalia machoni kwanza, ndio aamue kama nitapewa binti.

Friday usiku nikaweka feni upande wa kulia wa kitanda, number three, speed ya mwisho, ndio niamke fresh.

Niliamka nikiangalia ukuta wa kushoto. Nikajaribu kugeuka. Wapi! Shingo imekataa kabisa. Mjomba, alikuwa amelala kwangu ndio anisindikize, akanipaka dawa ya kuchua, akashika kichwa, akavuta. Kitu ikalia "kah!" na ikawa mbaya zaidi. Woiye, nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

Tukaenda hivyo hivyo.

Wakuu, mnadhani baba mkwe aliketishwa upande gani? Kulia! Mzee anaongea na sikio langu, mimi macho yangu yameangalia zizi la ng'ombe.

"Huyu kijana ananidharau?" akauliza.

Mjomba akasimama. "Hapana mzee. Ni feni."

Hapo ikawa bunge. Mzee mmoja akaapa feni inakausha mapafu. Mwingine akamuuliza, "Basi Mombasa si watu wangekuwa wameisha?" Mama mmoja naye akasema ukilala nayo inakumalizia hewa yote kwa nyumba. Mahari ikasahaulika, tunajadili upepo.

Baba mkwe akawakata. "Mwanaume anaangushwa na upepo ya stima. Huyu ndiye atanichungia binti?"

Nilijua nimempoteza Wambui.

Akasema tuende kwa ile ya leso, na nikikosea, turudi kwetu tukajipange upya. Kama hujui, wanaleta wasichana wamefunikwa leso kutoka kichwa hadi miguu, unachagua wako. Hakuna kugusa, hakuna kuongea, unaangalia tu.

Wakaletwa watano, wakapangwa upande wa kulia. Nikaanza kuzungusha mwili wote polepole, kama watu wanahamisha friji. Na hao wasichana nao wakaona ni mchezo! Nikizunguka, wanazunguka. Nikisimama, wako kulia. Aunties wanacheka mpaka wanashikana. Jasho inanitoka, naomba Mungu kwa moyo.

Halafu mmoja akatoka kwa line. Akapita nyuma yangu na leso yake, akaja akasimama hapo kushoto, mbele ya macho yangu kabisa.

Aunties wakapiga nduru. "Wambui! Unajitoa mwenyewe?"

Sauti ikatoka ndani ya leso. "Si hawezi geuka. Mlitaka nifanye aje?"

Baba mkwe akashika kichwa. Kisha akacheka, huyo mzee ambaye sikuwa nimewahi kuona meno yake. "Huyo amejipeana. Mimi niseme nini tena?"

Lakini kwa vile sikuchagua mwenyewe, faini lazima, mila ni mila. Tukapigwa faini ya mbuzi mmoja, na feni. Eeh, feni yangu! Ati akae nayo yeye, isije ikafanya binti yake mjane.

Wambui huniambia mzee huiwasha kila siku baada ya lunch, analala nayo ikimpiga usoni. Shingo yake iko sawa tu.

Daktari wa tao aliniambia pengine nililalia mto vibaya. Mama Kevo anasema mdomo wangu uliponea chupuchupu. Kwa hivyo kama feni inaumiza ama haiumizi, wakuu, mimi bado sijui.

Chenye najua ni hiki: siku moja shingo yako itakataa kugeuka, iwe ni feni, iwe ni mto. Oa mtu ambaye atazunguka aje upande wako.

Nyinyi wa Kisumu na Mombasa, mnalalaje na hizo vitu? Semeni. Na kama kuna mwenye anajua vile baba mkwe huombwa arudishe faini, tafadhali anijibu haraka, hii joto ya Riruta itatumaliza mimi na Wambui.